Mama Mkwe Alipoikalia DNA

Fundi Sponji alikuwa mtu wa makochi tangu ujana wake. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi, na ukiingia ulilazimika kuruka springi, mbao na vipande vya vitambaa kabla hujamfikia. Alikuwa akikalia kiti mara moja tu, anakwambia sponji yake imebakiza miaka mingapi. Kazini hakuna kilichomshinda. Kilichomshinda duniani kilikuwa kimoja: kumkatalia mama mkwe wake.

Mama huyu alikuja kuwasalimu kwa wiki mbili, na sasa ulikuwa mwezi wa tatu. Alikuwa mwanamke wa mwili, magoti mabovu lakini maoni mazima, na kila siku alipita karakanani kujaribu viti vya wateja. Akikaa, amekaa.

Asubuhi moja akaingia mteja asiye na kochi. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mwanamke mwembamba mwenye miwani mikubwa. Alitandaza mchoro juu ya meza, akasema anataka ashonewe DNA.

Fundi akamuuliza kama ni DNA ya kukaa watu wawili au watatu.

Mwalimu hakucheka. Akamweleza kwamba wengi huijua DNA kama ngazi iliyosokotwa, lakini zipo sehemu, hasa kwenye ncha za kromosomu, ambako uzi mmoja wenye herufi G nyingi hujikunja wenyewe. G nne zikikutana hushikana pembe kwa pembe zikawa mraba bapa. Miraba inapandana kama ghorofa, na katikati yake zinakaa chembe za potasiamu kuishikilia. Halafu kuna dawa, molekuli ndogo, nayo bapa, inayokuja kulala juu ya ghorofa ya mwisho. Alitaka wanafunzi wake waishike kwa mikono, maana akichora ubaoni wanasinzia.

Fundi aliposikia habari za pembe, mraba na bapa, akajua anaagizwa stuli. Akakubali.

Kazi ile ilimtoa kijasho. Alishona mkanda mrefu wa sponji, mnene kama mkono, akaukunja kwenda juu na kushuka chini. Akashona mito kumi na miwili ya njano, minne kwa kila ghorofa, ikishikana kwa vile vibandiko vya viatu vya watoto. Katikati akachomeka mipira miwili ya tenisi, ndiyo potasiamu. Dawa yenyewe ilikuwa mto mwekundu, bapa, wa ukubwa wa sahani. Lakini kila alipoinuka kuitazama kazi yake, mkanda ulikunjuka wote ukalala sakafuni, na ule mto mwekundu ukateleza ukaenda zake. Mke wake alipomuuliza mbona anaongea peke yake, alijibu kwamba anagombana na kromosomu. Mke akasema afadhali hiyo kuliko majirani.

Siku ya nne alikwenda uani kutafuta gundi. Aliporudi, alimkuta mama mkwe amekaa juu ya DNA, gazeti mkononi.

"Hiki ndicho kiti pekee humu ndani kinachoujua mgongo wa mtu," mama akasema.

Mwalimu alikuwa njiani kuja kuichukua, na ncha ya mkanda ilikuwa bado haijashonwa. Mtu mwingine angesema, mama, naomba unipishe. Fundi alimwambia chai iko tayari chumba cha ndani. Mama akasema iletwe pale pale. Akamwambia mlangoni pana upepo. Mama akasema ndio anaoutaka. Basi akapiga magoti, akaushika mkia wa mkanda uliotokeza chini ya mama, akaanza kuuvuta taratibu, kwa heshima. Haukutoka. Akaegemeza mguu ukutani, akavuta tena hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Mama akafunua ukurasa mwingine.

Mwalimu akawakuta hivyo hivyo.

"Shikamoo mama," akasema akiwa bado mlangoni.

"Marahaba mwanangu. Kama umefuata kiti, nimeshakaa."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Fundi, usiache kuvuta. Wewe ni kimeng'enya."

Fundi hakuwahi kuitwa hivyo mbele ya mkwewe, akaona haya. Mwalimu akafafanua. Ndani ya seli ya saratani kuna kimeng'enya, yaani mashine inayourefusha ule mkia wa kromosomu ili seli isizeeke, na ili ifanye kazi inahitaji mkia ulionyooka. Dawa ikishakaa juu ya mkunjo, mkia haukunjuki, mashine inakosa pa kushika. Kwenye vichupa vya maabara inawezekana, alisema. Kwa wagonjwa bado wanahangaika.

"Kwa hiyo mimi nakaa tu, na saratani inakwama?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na huyu anavuta."

"Anavuta, ila anashindwa."

Mama akalikunja gazeti. "Hiyo naiweza."

Wiki iliyofuata walikwenda chuoni kwa pikapu, mama mbele, fundi nyuma ameikumbatia DNA. Mto mwekundu uliachwa nyumbani. Mwalimu alipomtambulisha mama kuwa ndiye molekuli ndogo, ukumbi ukaangua kicheko. Mama akawatazama mmoja mmoja hadi wakanyamaza, kisha akaikalia DNA. Wanafunzi sita wakaitwa wauvute mkia. Kilichotoka ni soli ya kiatu cha mmoja wao.

Mwanafunzi wa mbele akauliza dawa inajuaje kukaa hapo, isikae kwenye DNA ya kawaida ambayo imejaa kila mahali.

Kabla mwalimu hajafungua mdomo, mama akajibu. "Ile si imesokotwa kama kamba? Nani anakaa juu ya kamba? Mimi natafuta palipo bapa."

Mwalimu akaandika ubaoni neno kwa neno, akasema watafiti wamejaza vitabu kwa swali hilo.

Mwingine akauliza kuhusu madhara.

"Yapo," mama akasema. "Muulizeni mkwe wangu, yule pale mlangoni."

Ukumbi mzima ukageuka. Fundi akasema mama hana madhara yoyote, na huo ndio uongo pekee uliosemwa darasani siku ile.

Kumwinua kulihitaji wanafunzi wanne na mwalimu. Katika purukushani mpira mmoja wa tenisi ulichomoka ukavingirika chini ya viti, na mtu akapiga kelele kwamba potasiamu imekimbia.

Wakiwa njiani kurudi, mama alimwambia fundi kupitia dirisha la nyuma kwamba chuo kimemwomba arudi muhula ujao, kwa hiyo safari ya kurudi nyumbani kwake itabidi isubiri. Fundi akasema karibu sana mama. Jioni hiyo alionekana karakanani akipima mbao za kitanda, upana futi tano, na sponji ngumu kuliko zote alizonazo.