Unga wa Baba

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka maishani ni ya unga wa ngano. Baba alijaza magunia katika kiwanda cha unga, na kila jioni aliporudi kwetu Bondeni, unga ulikuwa umemkaa kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya shingo, na kwenye ovaroli aliyoitundika nyuma ya mlango. Nilipenda kuingia ndani ya ile ovaroli na kuvuta pumzi hadi nipige chafya. Mama aligomba, Baba alicheka. Nilikuwa na miaka sita, na sikuwahi kujiuliza kama mimi ni mzuri au la.

Mwaka huo chekechea yetu, iliyokuwa katika ukumbi wa kanisa, iliandaa mchezo wa Krismasi wa kufunga shule. Ukutani kulikuwa na picha ya malaika, wote Wazungu, nywele za manjano hadi mabegani. Sote tulitaka umalaika, haki ya Mungu, kwa sababu ya mabawa. Mwalimu Rahab alitupanga mstari chini ya picha hiyo, akawa anaitazama, anatutazama, anachagua. Aliponifikia alinishika kidevu. "Akoth, mtoto wangu, wewe utakuwa usiku. Utashika blanketi jeusi nyuma ya nyota." Alisema kwa upendo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angekuwa mkali ningemchukia, yakaisha. Lakini huyu ndiye aliyenifunga kamba za viatu, aliyenipa uji wake siku nilipomwaga wangu. Mtu wa namna hiyo akikuambia wewe ni usiku, unaamini. Wiki mbili nzima nikafanya mazoezi ya kusimama tu. Kuna mazoezi gani ya kusimama, jamani?

Siku ya mchezo, Mama akiwa nje anaanua nguo, niliikung'uta ovaroli aliyoivaa Baba jana yake juu ya beseni, nikajipaka unga uso mzima, masikio na shingo. Kisha nikatimua mbio hadi ukumbini na kujipanga katikati ya malaika. "Woi! Chapati imekuja bila kupikwa!" mzazi mmoja akapaza sauti, na ukumbi ukaangua kicheko. Baba, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini aje kuniona, hakucheka. Alikuja mbele, akapiga magoti, akalowesha hanchifu yake kwa mate na kuanza kunifuta. "Nani alikuambia ufanye hivi?" akauliza. Nikanyoosha kidole kwenye picha. Baba aliigeukia, akaitazama. Alimaliza kunifuta, akarudi kuketi, nami nikaenda kushika blanketi langu.

Tangu siku hiyo Baba alijikung'uta kwenye bomba la maji kabla ya kuingia ndani, na ovaroli ikawa inalala nje kwenye kamba. Hakuwahi kunieleza. Nadhani hakujua aanzie wapi, akaona bora auondoe unga. Niliikosa sana ile harufu.

Leo mimi ndiye mwalimu wa chekechea, huku Lanet. Ukutani nimebandika malaika niliowachora mwenyewe, weusi, wamesukwa nywele. Kila asubuhi watoto wangu hujitazama kwenye kioo na kusema wanachokipenda usoni mwao. Mwaka jana nilimchagua Chebet awe malaika mkuu, mtoto mweusi kunishinda, na nilitembea na furaha yangu wiki nzima, nikijiona nimelipa kisasi. Siku ya mchezo aliletwa na nyanya yake, amepakwa poda nyeupe hadi kwenye kope. "Ticha, nimemsaidia kidogo," nyanya alisema, uso umejaa fahari, "asikuaibishe mbele ya watu."

Chebet akaniinulia uso. "Ticha, sasa nimekuwa malaika?"

Nilikuwa na hanchifu mfukoni. Lakini nyanya alikuwa anatabasamu, mtoto anatabasamu, wazazi wametukodolea macho, nami nikayaacha maneno yote ninayoyafundisha kila asubuhi. Nikamwambia amependeza. Nikamfunga mabawa, nikamwacha aende mbele ya watu hivyo hivyo. Baba, ambaye hakusomea ualimu hata siku moja, angalau alinifuta.