Karatasi ya Mikate

Vita vilipofika Bunia, maktaba ya misioni iliporwa, na vitabu vyake vikaishia sokoni. Mama wauza mikate walivichana kufungia mikate ya moto, ile ya kukaanga kwa mafuta. Nilikuwa mwanafunzi wa historia, mwaka wa mwisho, naandika travay yangu ya kumaliza chuo juu ya vilima na machifu wa zamani. Nilikasirika karibu nipasuke, lakini hasira haijazi ukurasa. Basi kila asubuhi nikawa naenda kwa mama mmoja wa mtaa wa Bigo, nachagua karatasi kwanza, mikate baadaye.

"Weye unakula mikate ama unakula karatasi?" alikuwa ananicheka.

Siku moja alinifungia mikate minne kwa ukurasa nilioutafuta miezi mizima: vilima vya upande wa Marabo, na kila kilima kilikuwa cha chifu gani enzi za Wabelgiji. Mjinga mimi! Kwa furaha nikaubeba mkononi mpaka kwenye bariera, pale wanamgambo walipofunga njia. Na nilijua vizuri kwamba watu walikuwa wanauana kwa sababu ya vilima hivyo hivyo.

Mwanaume mwenye bunduki alikula mkate mmoja, akaiangalia karatasi juu mpaka chini. Hakujua kusoma.

"Inasema nini?"

"Ni vijiji tu, papa. Mambo ya zamani."

"Soma."

Nilisoma majina ya vilima peke yake, ya machifu nikayameza. Sikujua yeye ni wa upande gani, na kila jina niliona ndilo litaniua.

"Na kilima ya babu zangu?" Akakitaja, na kwa namna alivyokitamka nikajua ni wa upande gani. "Wameandika ni ya nani?"

Nilikiona. Kilikuwa chini ya chifu wa wale wengine, kimeandikwa wazi kabisa. Mdomo wa bunduki ulikuwa unanigusa ubavuni.

"Ni yenu, papa," nikasema. "Iko hapa."

Alicheka kama mtu aliyeletewa habari ya mtoto kuzaliwa. Akanirudishia mikate mitatu, karatasi akaikunja, akaitia mfukoni.

"Aksanti, mama. Enda."

Nikaenda zangu haraka. Siku ile nilimshukuru Mungu, na sikuona haya hata kidogo.

Baada ya siku chache nilirudi Bigo. Mama wa mikate hakunitania.

"Umesikia? Wale wa bariera wanasema iko karatasi ya Wazungu, imeandika kilima moja ya upande wa Marabo ni yao. Wanajipanga kwenda kuichukua." Alikuwa anageuza mikate kwenye mafuta, haniangalii. "Dada yangu anakaa kule na watoto."

Woga wa bariera ulikuwa mchezo mbele ya huu.

"Mutume habari, watoke," nikamwambia. "Leo, mama. Usingoje kesho!"

Akaniinulia macho. "Weye umejua namna gani?"

Nilichukua mikate yangu nikaondoka, bila hata kutazama karatasi.