Mkufunzi wa Singe

Mama anayefundisha mgambo kijijini Kawajense sauti imemkauka kwa amri, na kila akiongea hufuta singe, kile kisu cha mdomoni mwa bunduki, kwenye suruali yake kama mtu anayefuta kijiko. Asubuhi hiyo Rosine, mmoja wa wanafunzi wake, alikuwa anadonoadonoa gunia la pumba kwa singe yake kwa woga, na akishindwa tena anarudishwa nyumbani.

"Afande, si risasi zipo?" Rosine akauliza.

"Zikiisha, adui yuko hapa." Mama akalikumbatia gunia kifuani. "Usiangalie gunia, niangalie mimi. Njoo!"

Rosine akapiga ukelele, akachoma. Pumba zikamwagikia buti za mama, naye hakupepesa jicho.

"Huendi nyumbani," akasema. Akalikumbatia tena gunia lililotoboka. "Haya, rudia!"