Hatua Nne Kutoka kwa Redio

Nilienda Ruiru kutaja majina. Wengine husafiri kuona mashemeji au kutafuta kazi. Mimi nilienda na majina matatu mdomoni, na nitayataja hapa pia kwa sababu karatasi haina wa kuninyamazisha. La kwanza ni Kimotho, aliyekuwa mume wangu, ambaye kofi lake liliua sikio langu la kushoto. La pili ni Ndichu, mwenye ploti ya vyumba tuliyopanga, aliyeniambia mambo ya nyumba ya mtu hayaletwi kwake. La tatu ni Mama Shiru, jirani wa mlango wa pili. Kila Kimotho akianza kunipiga, yeye aliongeza sauti ya redio.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoroka Ruiru miaka kumi na mmoja nyuma, nikahamia Gatuanyaga, na sikuwa nimerudi tena.

Gatuanyaga, alfajiri. Niliamka kama kawaida, nimelilalia sikio zima. Sikio bovu lina faida hiyo moja: ukilalia lile lingine, dunia yote inanyamaza. Nilimwona jogoo mlangoni akipanua mdomo bila sauti, na vumbi la barabarani limetulia kama maziwa kwenye kibuyu. Nilivaa, nikapita kando ya ua wa minyaa unaonitenga na jirani. Wambui, mke wa jirani huyo, Gitau, alikuwa akifagia upande wa pili, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye jicho.

“Mama, unaenda safari?”

“Ruiru. Nitarudi jioni.”

Alisimama na ufagio kama mtu aliye na neno lingine. Lakini pikapu ya maziwa ilikuwa inapiga honi. Nikaenda.

Thika, saa mbili. Kikundi chetu cha maigizo kilikutana nyuma ya stoo moja kule viwandani. Tulikuwa wafanyakazi watupu: wa sabuni, wa nguo, wa matunda ya mikebe. Hewa ya pale inanukia vyote hivyo pamoja, na siku hiyo pamba ilikuwa inaelea juu ya ukuta polepole, ikitua kwenye nywele zetu. Kariuki, kiongozi wetu, ndiye aliyecheza mume. Halima wa Majengo alicheza mke. Mimi sikusoma, darasa la tatu niliacha, na maneno ya kukariri hayakai kichwani. Kwa hivyo nilipewa jirani, ambaye hasemi kitu. Kazi yake ni kuongeza sauti ya redio mke akipigwa.

Redio yenyewe ilikuwa kasha tupu. Waimbaji wawili walikaa nyuma ya shuka, na nikizungusha kifundo cha sauti, wanapaza wimbo. Niliicheza vizuri sana. Nilimjua huyo mwanamke.

Sheria zilikuwa mbili. Mtazamaji akiona kitu cha kugeuza, anapiga makofi matatu, mchezo unasimama, naye anaingia mahali pa mchezaji anayemtaka. Sheria ya pili ilikuwa ya Kariuki.

“Nyambura, nakujua,” aliniambia tukipanda lori. “Majina ya watu tunaacha hapa Thika. Ukitaja mtu, chifu atafunga ukumbi na hatutacheza tena.”

“Nimesikia.”

“Umesikia na sikio gani?”

Halima alicheka mpaka akashika kreti. Mimi nikapanda. Nilikuwa nimeamua kuyataja.

Barabarani, saa nne. Tulikaa juu ya magunia matupu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki iliyopita na mashamba ya kahawa yalikuwa yamechanua yote pamoja, meupe pande mbili, kama mtu ametandika shuka mpaka mwisho wa dunia. Niligeuza sikio zima kwenye gunia. Lori likawa linaelea, halina mngurumo, na Halima alikuwa anaimba wimbo niliouona tu kwenye midomo yake. Kwa muda nilisahau tunaenda wapi. Halafu nikaona mabati ya Ruiru.

Ruiru, saa nane. Ukumbi wa kanisa ulijaa, wengine wakasimama madirishani. Nilimtafuta Kimotho uso baada ya uso, hakuwako. Ndichu hakuwako. Karibu na mlango wa nyuma nilimwona mwanamke mnene mwenye kofia ya sufu, nikamtazama mara mbili kabla sijajua kwa nini.

Tulianza. Kariuki alirudi nyumbani amelewa, akauliza chakula, akainua mkono. Nikazungusha kifundo. Waimbaji wakapaza. Halima alilia chini ya wimbo, husikii kitu, unaona mdomo tu. Nilivuta pumzi. Hapo ndipo nilipotaka kuacha redio, nisimame mbele na kutaja majina yote matatu.

Makofi matatu yakapigwa.

Kwingine kote tulikocheza, anayeingia huchukua mahali pa mke. Anamjibu mume, au anakimbia, watu wanashangilia. Huyu mwenye kofia alimpita Halima, akampita Kariuki, akaja kwangu. Alinyoosha mikono kuomba redio. Nikampa.

Alizungusha kifundo taratibu kurudi chini. Waimbaji wakashuka, wakashuka, wakanyamaza. Kilio cha Halima kikabaki peke yake ndani ya ukumbi mzima. Mwanamke aliweka redio chini. Alisimama hapo kama hajui kinachofuata, na kweli hakuwahi kukifanya. Kisha akatembea. Nilihesabu. Hatua nne, kama zilivyokuwa kutoka mlango wake mpaka wangu. Akagonga hewa.

“Nyambura,” alisema. “Fungua. Ni mimi, Mama Shiru.”

Katika mchezo hakuna Nyambura. Kariuki alinigeukia, mkono bado uko juu. Majina yale matatu yaliyeyuka mdomoni. Nilikuwa nimeyabeba miaka kumi na mmoja, naye amekuja kutaja lake mwenyewe.

Saa kumi, nje ya ukumbi. Mama Shiru aliniletea chai kwenye kikombe cha bati. Sikukaa.

“Ile redio bado unayo?” nikamuuliza.

“Iliharibika.”

“Pole kwa redio.”

Aliangalia chini. “Nilikuwa naogopa atakuja kwangu.”

“Mimi nilikuwa naogopa atabaki kwangu.”

“Najua, Nyambura. Nilikuwa nasikia yote. Redio haikuwa inazuia kitu.”

Nilikunywa chai yake. Sikumsamehe, na asidhani nilimsamehe. Lakini nilimaliza kikombe.

Kurudi. Lori lilitupitisha tena kwenye weupe ule wa kahawa, sasa jua limeupaka rangi ya chungwa. Nililala kwenye gunia, sikio zima chini, ili nisisikie mazungumzo ya wenzangu. Ukimya ukaja, ule mtamu ninaoujua. Ndipo nikamwona Wambui na ufagio wake, na kitambaa chake, na nikakumbuka tangu lini nalala upande huu. Si tangu Kimotho. Zamani nililala upande wowote. Ni tangu Gitau alipomleta Wambui hapo ng’ambo ya minyaa, na kilio chake kikaanza usiku.

Niliketi. Nikaketi hivyo mpaka Thika, lori likinguruma kichwani.

Gatuanyaga, jioni. Jua lilikuwa bado juu ya vumbi niliposhuka. Nilimsikia Wambui akilia kabla sijafika kwangu, na sauti ya Gitau juu ya yake. Sikuingia nyumbani kuweka mfuko. Nilipasua minyaa, utomvu ukanichoma mkono, nikafika mlangoni pao.

“Wambui, fungua. Ni mimi.”

Ndani pakanyamaza. Gitau alifungua, jasho usoni, akauliza nimepoteza nini kwake.

“Nimekuja kukaa,” nikamwambia, nikapita chini ya mkono wake, nikaketi karibu na mkewe.

Nilichojifunza safarini ni hicho. Nilisema majina ni matatu. Andikeni na la nne: Nyambura wa Gatuanyaga, aliyelalia sikio lake zima.