Foleni Fupi ya Shangazi

Shangazi yangu hapendi kusimama. Hata vitunguu anavimenya amekaa, na sufuria ikichemka anamwita mtu mwingine akaitazame. Basi siku ya kuchagua masomo pale chuo cha ualimu, alikuta foleni ya Historia na Jiografia imetoka ukumbini hadi karibu na vyoo. Kwenye meza ya Hisabati na Fizikia kulikuwa na karani anayesinzia na mwanafunzi mmoja tu. Shangazi akaenda huko. Kabla wenzake hawajasogea, yeye ameshaandikishwa, amekaa kivulini anatafuna karanga.

Kichwa anacho na ubishi anao, kwa hiyo alifaulu. Shule aliyopangiwa ilikuwa na walimu wa Historia hadi wananyang'anyana vipindi, na wa Fizikia hakuna hata wa dawa. Madarasa yote yakawa yake. Mpaka leo kengele ya mapumziko ikilia, wenzake wanakunywa chai na kupiga soga, huku mlangoni kwake wanafunzi wamejipanga na madaftari hadi kwenye bomba la maji. Yeye yuko wima ubaoni, chaki mkononi, chai yake inapoa.

Mwaka huu nami nimepata nafasi chuoni, nikamwendea kuuliza nichukue masomo gani. Nilitegemea hotuba kuhusu wito. Nilimkuta ameloweka miguu kwenye beseni.

"Mwanangu," akasema, "tafuta foleni ndefu kuliko zote, ukasimame huko. Utasimama siku moja tu."