Umm Munir na Ubeti Usiokwisha

Katika kambi yetu ya wakimbizi, Nuseirat, mtu akifa, waliofiwa walikuwa wakimwita mwosha maiti, mpika kahawa na Umm Munir. Wengine wakimwita Umm Munir kwanza.

Kazi yake ilikuwa kuwatungia maiti maneno. Alirithi kwa mamake, na mamake hakumwachia mali nyingine isipokuwa masharti mawili. La kwanza, kila maiti na ubeti wake. Ubeti wa huyu hauvishwi yule, kama sanda. Kabla ya kutunga huuliza mambo matatu: marehemu alipenda nini, alimcheka nani, na ameacha nini hakukimaliza. La pili, haliliwi mtu ambaye hajaonekana.

Hilo la pili alilivunja mara moja tu, miaka ya nyuma kabla ya vita, kwa ajili ya Abu Fawzi muuza samaki. Habari zilikuja kwamba amefia hospitali. Matanga yakawekwa, Umm Munir akaimba mpaka wanaume wakaficha machozi. Alasiri Abu Fawzi akaingia kwa miguu yake, akauliza kuna nini, akajipakulia wali wa matanga yake. Alipokwisha kushiba akalalamika kwamba ubeti wenyewe mfupi. Tangu hapo Umm Munir akaapa: bila kumwona, hapana.

Vita vilipokuja, kazi ikamzidi. Wanawake walimfuata hemani, mmoja hajatoka mwingine kaingia. Kinyozi wetu alipouawa dukani mwake, mteja alitoka hai na ndevu upande mmoja. Akaja matangani vilevile, na hakuna aliyecheka mpaka Umm Munir alipoimba:

*Kinyozi lala salama, wembe tumeufungia,*
*Nusu ndevu umeacha, nani atamalizia?*

Hapo tukacheka, tukalia, hatukujua kipi ni kipi. Jioni yake kambi nzima waliujua ubeti ule kwa moyo. Magazeti yalikuwa hayatufikii, na hata yangefika, yasingeandika habari za ndevu.

Mimi alinibandika jina la Nusu Mhandisi, kwa sababu diploma yangu ya ujenzi iliishia katikati, chuo kikageuzwa kokoto. "Wenzako wamejenga," alikuwa akiniambia, "wewe umesoma mpaka kwenye msingi ukaona inatosha." Na mimi nikimjibu kwamba walau wangu ni msingi, mwanawe Munir hata kamba ya hema hajui kufunga. Munir alikuwa mwanawe wa pekee: kijana mnene wa kupenda kula, asiyeacha kumtania mamake kwamba wali wake unafaa kuzibia ufa.

Munir alikwenda kwa binamu yake kuomba unga. Jengo la ghorofa nne likapigwa akiwa ndani.

Tulichimba kwa mikono, kwa sufuria, kwa mlango wa friji. Tukagonga chuma juu ya zege, tukanyamaza kusikiliza, tukagonga tena. Tingatinga la uokoaji lilikuwa halina mafuta. Umm Munir akaniita kando.

"Haya, Nusu Mhandisi. Leo ndiyo siku yako. Hiyo sakafu tutainuaje?"

Nilijua uzito wake. Hilo nililisoma, halikuwa katika nusu iliyobaki. Nikamwambia hata jeki za magari yote ya kambi zisingeitikisa.

"Basi hata ungemaliza," akasema, "ingekuwa hivyohivyo."

"Ingekuwa hivyohivyo, khalati," nikamjibu, nikimwita mama mdogo kama vijana wote wa kambi.

Tangu siku hiyo akawa anakwenda kuketi mkabala na kifusi, na chupa ya maji ya Munir, maana atatoka na kiu. Wanawake wakamvumilia, kisha wakashindwa. Inshirah, wifi yake, mwanamke wa maneno makali aliyezika watu wake wawili, akaja na wenzake wakamzunguka.

"Wetu wote umetulilia," akamwambia. "Mtoe na wako, tumlilie. Usitunyime kulipa deni letu."

"Nimlilie nani? Nimemwona?"

"Wifi yangu."

"Abu Fawzi alirudi," akasema Umm Munir. "Akala na wali."

Hakuna aliyekuwa na uso wa kumwambia kwamba Abu Fawzi alikuwa amelala kitandani hospitali, hakuwa chini ya ghorofa nne.

Wakiwa palepale akaja mama mmoja kutoka mahema ya upande wa pili, amemzika bintiye mdogo, Jinani, asubuhi. Umm Munir akauliza yale matatu, mama akajibu akiangalia chini. Ubeti ukatoka:

*Jinani mpenda chai, punda ulimchekea,*
*Jino lililolegea, nani atakung'olea?*

Wanawake wakaupokea, wakaurudia mstari wa mwisho kama ada. Sauti zilipotulia, Umm Munir akaendelea kwa mahadhi yaleyale, hakuna aliyemwomba, macho kwenye kifusi:

*Muniri mpenda wali, mamayo ukanicheka,*
*Umeacha...*

Wakangoja. Inshirah alikuwa ameshika kifua, mdomo wazi, tayari kupokea. Umm Munir akafunga kinywa. Akaweka sawa kifuniko cha chupa, akasema jua limekuwa kali.

Hakumalizia siku ile wala nyingine. Wengine bado huwatungia, beti nzima. Wa Munir wanawake wameubeba ulivyo. Wakiuimba kwenye foleni ya maji hufika *umeacha*, wakasogeza ndoo zao mbele. Inshirah alijaribu mara moja kuupachika mwisho, wakamtazama hata akanyamaza.

Tingatinga halijaja. Kila asubuhi nampitia Umm Munir pale mkabala na kifusi, maana maji hayatupwi, na ya jana ni fungu langu.

"Kunywa, Nusu Mhandisi," hunipa chupa. "Ukajaze ya leo. Ya leo ni yake."

Nakunywa, nakwenda kujaza.