Niliwekwa Eda na Televisheni

Vita vile sijui vilianza lini. Mimi nilivijua kwa unga. Nilikuwa nikipika chapati na maharage barazani kwangu, Makorora, watu wakila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na siku moja mwenye duka akaniambia unga wa ngano umepanda. Nikamuuliza kwa nini, akasema vita. Yakafuata mafuta ya kula, nikauliza tena, akasema vita. Kisha wa mkaa naye akapandisha. Nikamwambia mkaa wako unatoka Handeni, kule kuna vita gani? Akasema gunia linakuja na lori, lori linakunywa dizeli, na dizeli inapita vitani. Nikalipa.

Nikazipunguza chapati. Wateja hawakukosa maneno. Mzee mmoja, fundi baiskeli, aliinua ya kwake akalitazama jua kupitia hiyo chapati, akasema, "Mwanasiti, hii nayo imetoka vitani? Mbona imekonda hivi?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwani ukimnunia mteja kesho anahamia kwa jirani.

Nani alikuwa akipigana na nani, sitasema, kwa sababu kila niliyemuuliza alinipa jibu lake. Waliosikiliza redio asubuhi walisema hili, waliotazama televisheni jioni walisema lile, na wenye simu walikuwa na vita vya tatu kabisa, ambavyo mshindi wake alibadilika kati ya adhuhuri na alasiri. Nilielewa kitu kimoja tu. Meli zilikuwa zikipigwa huko Bahari ya Shamu, na mume wangu alikuwa baharia.

Mume wangu anaitwa Hashil. Kwao ni Waarabu wa Ngamiani, babu yao alikuwa na mashamba ya minazi kule Mwera, na baba yangu alikuwa mkwezi katika mashamba hayo. Hashil aliponioa, ndugu zake walikuja kwenye ndoa kama watu waliokuja kuhani. Kaka yake, Nabhan, ameniita "binti wa mkwezi" miaka yote, mara kwa utani, mara bila utani, na mimi nikaitika yote mawili. Mtoto hatukujaliwa. Hashil alikuwa akirudi mara moja kwa mwaka, analala wiki chache, anaondoka tena na meli za mizigo.

Tulichokuwa nacho ni ile nyumba ya Makorora. Kiwanja alinunua yeye. Matofali mengi yalipanda kwa chapati zangu, lakini karatasi ina jina lake peke yake, na mimi sikusoma, sikujua kwamba siku moja jina hilo litaulizwa. Basi nilijua hivi: Hashil akiwa hai, nina pa kulala. Hashil asipokuwepo, nalala kwa hisani ya Nabhan.

Mwezi ule hakupiga simu. Kabla ya hapo alikuwa amenitumia sauti yake, akasema meli yao itapita huko kunakopigwa, tumwombee dua. Kisha kimya.

Nabhan ana duka la vyombo Ngamiani, na ukutani ameweka televisheni kubwa. Vita vilipopamba moto, duka likawa baraza. Wanaume walisimama pale toka asubuhi wakitazama miji ya watu ikianguka, wakibishana, na hakuna aliyenunua hata kikombe. Siku moja ikaonyeshwa meli inaungua. Wifi yangu Shadya alikuwepo, amempelekea kaka yake chakula. Aliiona ile meli ina bomba jekundu la moshi, na katika picha ambayo Hashil alitutumia mwaka wa nyuma, amesimama chini ya bomba jekundu. Shadya akaanguka palepale kati ya masufuria.

Nilisikia kilio cha akina Shadya kikiingia mtaani kwetu kabla sijawaona. Shadya alinikumbatia, na hajawahi kunikumbatia tangu niolewe. Akasema Hashil ameungua. Nikauliza nani kasema. Akasema ameonekana. Ndani kwangu kuna mpangaji, binti wa Kibondei kutoka Muheza, anaitwa Ruthi, anashona nguo katika chumba cha mbele. Ruthi akafungua simu yake, akanionyesha ile meli. Moto ni uleule, bomba ni lilelile, lakini huku inasemwa ni meli ya nchi nyingine. Akafungua pengine, moto uleule, inasemwa ni wa mwaka juzi na ulianzia jikoni. "Au labda zinafanana," Ruthi akasema. "Hata mimi sielewi, da Mwanasiti." Nabhan akamuuliza kama siku hizi cherehani zinatoa habari za dunia. Ruthi akaizima simu.

Nilimwuliza Shadya swali moja tu siku ile. Nikasema, wifi, nani ameuona mwili?

Akanitazama kama niliyemtukana. "Dunia nzima imeona, Mwanasiti. Wewe unataka aone nani tena?"

Imamu wa msikiti wetu, Sheikh Nasri, alikuwa amesafiri kwenda Pangani. Hawakumngoja. Wakaleta mwalimu wao, akamswalia Hashil swala ya maiti asiyekuwepo, ikasomwa hitima, ukapikwa wali. Nami nililia. Nilipomwona mwanamke mmoja akigeuza kioo changu kikatazama ukuta, nililia kweli, na nikaacha kuuliza. Nikaogeshwa, nikavikwa nyeupe, nikawekwa eda, miezi minne na siku kumi. Nisitoke, nisijipake, nisionwe na mwanamume asiye maharimu. Shadya akachukua na simu yangu. Alisema mwenye eda hasikii sauti za wanaume. Sikuwahi kusikia sharti hilo, lakini nilikuwa mtu wa kuambiwa.

Basi nikakaa. Jiko likapoa. Wateja wangu wakahamia kwa mwanamke wa mtaa wa pili. Chakula alikileta Shadya, kwanza wali na samaki, kisha wali na mchicha, kisha ugali, na kila kilipopungua alisema bei, wifi yangu, vita hivi. Nilikuwa nikikaa nyuma ya pazia nikijaribu kumwona Hashil katika ule moto, na sikumwona. Namkumbuka akikata kucha ukumbini, namkumbuka akinuna kwa sababu ya chumvi, lakini akiungua siwezi. Nikadhani ni moyo wangu mgumu. Nikawa namwomba Mungu anipe uchungu ulio sawasawa.

Nabhan akaja, akasimama nje ya pazia kama inavyotakiwa. Akazungumza kwa upole. Akasema biashara imekufa, mizigo yake imekwama bandari za watu, na mali ya marehemu haifai kukaa bila kugawanywa. Mjane asiye na mtoto ana fungu lake, nitapewa, nirudi Mwera kwa ndugu zangu nikapumzike. Nikasema, shemeji, eda haijaisha. Akasema hakuna anayekufukuza, tunatafuta mteja tu, na wakati huu wa vita wateja ni wa kutafutwa kwa tochi.

Siku kadhaa baadaye, baada ya swala ya alasiri, Ruthi akaingia chumbani kwangu bila hodi. Yeye alikuwa na namba ya Hashil kwa sababu kodi ya chumba alimtumia yeye. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. Akasema, da Mwanasiti, kaa kwanza. Nikamwambia nimekaa miezi miwili, nikae vipi tena? Akanionyesha. Ni Hashil, amevaa kanzu mpya na kofia ya Kiomani, mbele yake sinia la wali na samaki mzima. Ruthi alisema Hashil ameiweka picha hiyo kwenye simu yake asubuhi ileile, ili watu wake wote waione.

Nilifikiri labda na picha hii ni ya mwaka juzi. Kama moto unaweza kurudi, kwa nini samaki asirudi? Nilimwambia apige.

"Siti," akasema. Ni sauti ya Hashil, hakuna mwingine anayeniita hivyo. "Mimi ndiye. Hata mimi nilishtuka, naambiwa nimeshaswaliwa." Akacheka kidogo.

Akanieleza, na nilishika nusu. Meli yao haikuungua. Wenye meli waliogopa kupita, wakaacha kulipa mishahara, mabaharia wakashushwa Salala, huko Omani, wajitegemee. Alipopata laini alimpigia kwanza dada yake. Shadya akamwambia msiba umeshafanywa, watu wameshakula, mwalimu ameshasoma, aibu hii tutaipeleka wapi? Akamwomba anyamaze kwanza mpaka itafutwe njia. Hashil akanyamaza. Huku akitafutiwa njia, akaoa, mtu wa jamaa zao wa hukohuko. Alisema mtu hawezi kukaa nchi ya watu peke yake wakati wa vita.

Nikamwambia, "Nimekulilia."

"Mungu atakulipa, Siti. Lakini vita vimenimaliza, nyumba mbili siziwezi." Nikasikia vyombo vikigongana kwake. "Nakupa talaka moja. Na kwa kuwa eda ushakaa nusu, malizia hiyohiyo, usijitaabishe kuanza nyingine."

Simu ikakatika, au aliikata. Ruthi alikuwa akilia. Mimi sikulia, nilikuwa nahesabu, na hesabu haikuja. Kama nilikuwa mjane, aliyenipa talaka ni nani? Kama nilikuwa mke, ile nyeupe niliyovaa ni ya nani?

Nikajifunika, nikatoka. Jua liliniumiza macho. Mtaani watu walinitazama, mwenye eda anatembea, na mwanamke mmoja aliniambia kwa sauti kwamba njaa ya siku hizi imewafanya watu wamsahau Mungu. Sheikh Nasri alikuwa amesharudi, nilimkuta barazani kwake, Ruthi akanisubiri njiani. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote tangu bomba jekundu, na alinisikiliza huku ameinamisha kichwa. Akauliza ni nani walioshuhudia kifo. Nikasema televisheni.

"Televisheni haikubaliwi ushahidi wa kifo cha mtu, mama. Hao waliona moshi."

"Na ile miezi niliyokaa?"

"Ile haikuwa eda. Ulikuwa mke wa mtu, umefungiwa ndani tu."

Alisema kama talaka imetamkwa leo, basi eda inaanza leo, na kwa umri wangu, damu ikiwa imeshakatika, ni miezi mitatu. Kisha akasema jambo ambalo ilinibidi arudie, sikulielewa mara ya kwanza. Alisema aliyepewa talaka ya kwanza hatolewi katika nyumba ya mume mpaka eda iishe. Anakaa, na mume anamlisha. Na nyumba ya mtu aliye hai haina mirathi. Nikamuuliza na baada ya miezi mitatu? Akasema baada ya hapo tutazungumza na huyo Hashil, kuna haki ya matofali yako, lakini itahitaji mashahidi. Nikafikiri: sasa ndiyo wanatakiwa mashahidi.

Niliporudi, mlango wa uani ulikuwa wazi. Nabhan alikuwa ndani na mteja mmoja mnene kutoka Arusha, anayeitwa Alexander, aliyekuwa akiupima ukuta kwa hatua. Shadya alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha kupikia. Nabhan akamwambia yule mgeni huyu ndiye mjane wa marehemu, usijali, ni mtu mwelewa.

"Marehemu anakula samaki Salala," nikasema. "Amenipa talaka sasa hivi."

Nilimtazama Nabhan usoni, na mpaka leo sijui. Labda alijua, labda hakujua. Aligeuka akamtazama dada yake, na Shadya akaanza kujifunga mtandio upya ingawa haukuwa umefunguka. Mgeni akauliza kwani si aliambiwa mwenye nyumba amefia vitani? Nabhan akasema ndiyo, yaani ilitangazwa, habari za vita unazijua ndugu yangu. Shadya akasema nisimwangalie hivyo, yeye alitaka kuficha aibu ya watu wote, hata yangu. Hata yangu, alisema, na nadhani aliamini.

Nilitaka kusema maneno mengi. Miaka yote nimekuwa nayo, nimeyapanga. Hayakuja. Nilisema nililokuwa nalo.

"Nimo edani, shemeji. Mwanamume asiye maharimu wangu haingii humu."

"Eda gani tena wewe?" akasema Nabhan.

"Kamuulize Sheikh Nasri."

Alexander ndiye aliyetoka wa kwanza, akiomba radhi, akisema yeye ni Mkristo, hakujua. Nabhan akamfuata. Shadya alibaki kidogo, akaitoa simu yangu kwenye mkoba, akaiweka juu ya kiti, akaondoka bila kuaga. Nikasukuma komeo. Nje nilimsikia Nabhan akimweleza yule mtu, na alianzia mbali, alianzia kwenye vita.

Kesho yake wanawake wa mtaani wakaja kuniona, maana habari inafika. Walikaa mkekani wakanitazama, hawakujua wavae sura gani. Wa kwanza akanipa pole ya msiba. Wa pili akamkanyaga mguu, akanipa pole ya talaka. Wa tatu, mtu mzima, akanishika mikono akasema tumshukuru Mungu kwamba baba wa nyumba yuko hai. Nikawajibu wote, ahsanteni.